Namna ya Kuandaa Kombe la Mabingwa wa Pande Mbili za Mpaka

Kila kiangazi, mpunga wa Kyela ukishavunwa na barabara za vijijini zikishakauka, wazo lilelile huzuka upya katika vijiwe vya mpira kuanzia Kasumulu hadi Tukuyu na Mbeya mjini: kwa nini bingwa wetu asicheze na bingwa wa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi? Ni wazo jema, na watu wa Tunduma wanalo pia kuhusu jirani zao wa Nakonde, Zambia. Kwa bahati mbaya, mara nyingi huishia kwenye mchezo mmoja, kombe moja lililonunuliwa kwa haraka, na ugomvi unaodumu kuliko kombe lenyewe. Nimeshiriki kuandaa michezo ya namna hiyo mara tatu, mara mbili na wenzetu wa upande wa Karonga na mara moja na wa upande wa Nakonde, na maelezo haya ni yale ambayo ningefurahi sana kuwa nayo mkononi mara ya kwanza.

Jambo moja nitalirudia kwa namna mbalimbali, kwa kuwa ndilo lililotugharimu zaidi: karatasi itangulie kombe. Msinunue kikombe, msitangaze redioni na msichapishe fulana kabla viongozi wa pande zote mbili hawajaketi, wakaandika makubaliano na kuyatia saini.

Kubalianeni bingwa ni nani

Mashindano ya bingwa kwa bingwa ni ya zamani kuliko ligi tunazozifuatilia leo. Mei 1888 klabu ya Renton, iliyokuwa imetwaa Kombe la Uskoti, iliifunga West Bromwich Albion, washindi wa Kombe la FA la England, mabao 4-1, ikajitangaza bingwa wa dunia. Ligi ya kwanza ya England ilianza kuchezwa Septemba ya mwaka huohuo. Argentina na Uruguay, nchi mbili zinazotazamana kuvuka Río de la Plata, zilikuwa na Kombe la Aldao, ambalo kuanzia 1916 hadi miaka ya 1950 lilikutanisha bingwa wa upande huu na bingwa wa upande ule, likichezwa miaka fulani na kurukwa miaka mingine. Wao walikuwa na faida moja kubwa: miaka mingi kila nchi ilikuwa na bingwa mmoja anayejulikana.

Sisi wa ngazi ya chini hatuna faida hiyo. Neno bingwa kwetu linaweza kumaanisha mshindi wa ligi ya wilaya, mshindi wa ligi ya mkoa, au mshindi wa kombe la ndondo lililodhaminiwa na mbunge kwa wiki tatu. Andikeni kwa maneno kamili ni bingwa wa mashindano gani, wa msimu upi, na mashindano hayo yanasimamiwa na chama kipi. Hakikisheni ngazi zinalingana: bingwa wa ligi ya wilaya ya Kyela akutane na bingwa wa ligi ya wilaya ya upande wa pili, wala si na timu inayocheza ligi ya kanda nzima. Ukubwa wa mji usiwatie hofu. Tukuyu ni mji mdogo, lakini Tukuyu Stars ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, na wazee wa Rungwe bado wanaweza kukutajia kikosi kile kwa majina na nafasi.

Andikeni pia nini kitafanyika bingwa asipoweza kuja. Bingwa wa mkoa kwetu huweza kuitwa kwenye mashindano ya mabingwa wa mikoa wakati uleule, na klabu nyingine hukosa tu nauli. Katika Kombe la Mabara lililowakutanisha bingwa wa Ulaya na bingwa wa Amerika Kusini, Bayern München haikucheza toleo la 1974. Atlético Madrid, iliyokuwa imefungwa na Bayern katika fainali ya Ulaya, ikachukua nafasi yake na kulitwaa kombe. Utaratibu wa mshindi wa pili kuchukua nafasi ulikuwa umeshazoeleka. Kwetu sentensi moja inatosha: bingwa akijitoa siku ishirini na moja au zaidi kabla ya mchezo, mshindi wa pili wa mashindano yaleyale ataalikwa, akijitoa baada ya hapo, mchezo huo utafutwa kwa mwaka huo.

Hapa ndipo pa kuzungumzia mamluki, yaani wachezaji wanaochezea timu isiyo yao kihalali. Watu wa Kyela na wa Karonga ni ndugu. Kinyakyusa na Kingonde husikilizana bila mkalimani, na familia nyingi zina shangazi au mjomba upande wa pili. Kijana mwenye kipaji huweza kuchezea timu ya mjomba huku Aprili na timu ya shangazi kule Agosti, na wala haoni kwamba ametenda kosa. Katika mchezo wetu wa pili, tulipokuwa tukikagua leseni chini ya mwembe pembeni mwa uwanja, meneja wa wageni alimwona winga wetu namba saba, akamkumbatia na kumwita kwa jina ambalo halikuwa kwenye orodha yetu. Kijana akainamisha kichwa. Alikuwa amesajiliwa pande zote mbili kwa majina mawili tofauti, na tulikuwa na dakika arobaini kabla ya kipyenga. Tulimwacha nje, akalia, na mashabiki wake hawakutuelewa hata kidogo.

Tangu hapo sharti langu ni kwamba timu zibadilishane orodha zenye picha siku kumi na nne kabla ya mchezo, kila mchezaji akiwa na jina lilelile lililo kwenye hati yake ya kusafiria na leseni yake ya msimu uliompa bingwa ubingwa. Pingamizi lipokewe kwa maandishi ndani ya siku saba tangu orodha kufika. Baada ya siku hizo orodha hufungwa, na mchezaji mpya haongezwi hata akiwa mtoto wa mwenyekiti.

Vibali

Mchezo kati ya klabu za nchi mbili si chandimu, hata ukichezwa kwenye uwanja wa shule. Ni mchezo wa kimataifa wa kirafiki, na unahitaji idhini ya vyama vya mpira vya nchi zote mbili: TFF kwa upande wetu, FAM kwa Malawi, FAZ kwa Zambia. Msiandike barua moja kwa moja Dar es Salaam. Anzeni na chama cha mpira cha wilaya, kipitishe mkoani, mkoa upeleke juu, na kila hatua mbaki na nakala yenye muhuri. Wenzenu wafanye vivyo hivyo kwao. Ombeni miezi mitatu kabla. Kwenye barua tajeni tarehe, uwanja, majina ya klabu, ngazi ya mashindano, waamuzi mnaowapendekeza na nani anagharamia nini, kwa sababu barua isiyo na mambo hayo hurudi na maswali, na kila swali hula wiki mbili.

Ofisi ya mkuu wa wilaya na polisi wajulishwe mapema pia. Baadhi ya viongozi wa klabu huona hilo kama kujipendekeza, lakini mkusanyiko wa watu elfu kadhaa wanaovuka mpaka si jambo ambalo wenye dhamana ya usalama wanapaswa kulisikia kutoka kwenye gari la matangazo.

Tarehe, na hasa saa

Kalenda za ligi hazifanani. Msimu wetu wa Tanzania huanza karibu Agosti na kuisha kuelekea katikati ya mwaka unaofuata, na Zambia sasa wako karibu na utaratibu huo. Malawi huanza karibu Aprili na kumaliza mwishoni mwa mwaka. Hali hiyo si ya kwetu tu. Mwaka 2019, Dundalk, bingwa wa Jamhuri ya Ireland, ilipokutana na Linfield, bingwa wa Ireland ya Kaskazini, ilibidi mechi zibanwe ndani ya siku chache za Novemba, ligi ya kusini ikiwa imekwisha na ya kaskazini ikiendelea. Wakatoka sare ya 1-1 Belfast, kisha Dundalk ikashinda 6-0 nyumbani.

Kwa upande wa Malawi, Julai na mwanzo wa Agosti ndio wakati unaofaa zaidi. Mvua za Kyela, ambazo Machi hadi Mei hugeuza viwanja kuwa majaruba, huwa zimepungua. Wakulima wamevuna na wana fedha ya kiingilio. Shule zenye viwanja huweza kuombwa kuvitoa. Jueni tu kwamba wachezaji wenu watakuwa wametoka mapumzikoni ilhali wa Malawi wako katikati ya msimu, miguu yao ikiwa ya moto. Anzeni mazoezi wiki nne kabla.

Sasa saa. Malawi na Zambia ziko nyuma yetu kwa saa moja, na jambo hilo dogo ndilo lililoharibu mchezo wetu wa kwanza. Barua ya mwaliko ilikuwa ya Kiingereza, nami ndiye niliyeiandika: mchezo utaanza 4:00 p.m. Nilimaanisha saa kumi jioni ya Kyela. Wageni walisoma saa kumi jioni ya kwao, ambayo kwetu ni saa kumi na moja. Walishuka kwenye basi saa kumi na robo kwa saa zetu, wakiwa na utulivu wa watu waliowahi, huku uwanja mzima ukiwazomea kwa kuchelewa. Walishangaa, kisha wakakasirika, na walikuwa na haki.

Kipyenga kilipulizwa saa kumi na moja kasoro dakika tano. Dakika tisini zikaisha kwa sare ya bao moja kwa moja, na jua huku huzama yapata saa kumi na mbili na nusu. Penalti zilipigwa gizani. Vijana wa bodaboda walipanga pikipiki nne nyuma ya mstari wa goli na kuwasha taa, na kipa, aliyekuwa na mwanga mgongoni, akawa anaona kivuli chake kirefu kikifika hadi kwenye alama ya penalti. Mkwaju wa nne aliusikia ukigonga mlingoti kabla hajaona umekwenda wapi. Mpira ukamrudia kisigino na kuingia. Kwa sheria lilikuwa bao halali. Timu iliyofungwa haijakubali mpaka leo, na nikikumbuka taa zile, siwezi kuwalaumu.

Kwa hiyo andikeni saa mbili katika kila barua, kila tangazo na kila tiketi: saa tisa na nusu alasiri kwa saa za Tanzania, saa nane na nusu mchana kwa saa za Malawi. Katika barua ya Kiingereza tumieni mfumo wa saa 24, yaani 15:30 Tanzania na 14:30 Malawi. Mchezo ukianza wakati huo, hata zikiongezwa dakika thelathini na mikwaju ya penalti, utamalizika watu wakionana nyuso.

Mchezo mmoja au miwili

Klabu nyingi hupenda nyumbani na ugenini kwa sababu kila upande unapata mapato. Sipingi, lakini michezo miwili inahitaji kanuni iliyonyooka ya kumpata mshindi, tena iandikwe kabla mpira haujaguswa. Kombe la Mabara lilipoanza mwaka 1960 lilihesabu pointi za kila mchezo, si jumla ya mabao, na timu zikilingana ulichezwa mchezo wa tatu. Mwaka 1967 Celtic ya Uskoti ilishinda 1-0 Glasgow, Racing ya Argentina ikashinda 2-1 Buenos Aires. Kwa hesabu ya mabao ingekuwa 2-2. Kwa kanuni ya bao la ugenini, ambayo mabao yakilingana humpa ushindi aliyefunga mengi zaidi ugenini, Celtic wangelibeba kombe. Kwa kanuni ya pointi, ikabidi wakutane tena Montevideo, nchini Uruguay, watu wakiwa wamekwisha kuchukiana. Racing ilishinda 1-0, na wachezaji sita waliamriwa kutoka nje. Kufikia 1969 jumla ya mabao ilikuwa imechukua nafasi ya pointi, na tangu toleo la 1980 kombe hilo likawa mchezo mmoja mjini Tokyo. Kila nikisoma habari za Montevideo nawaza kwamba mchezo wa tatu ni adhabu kwa timu zote mbili, na kwa klabu za kwetu, ambazo hukodi basi kwa michango, ni adhabu isiyobebeka.

Pendekezo langu kwa wanaoanza ni mchezo mmoja kwa mwaka, uwanja ukibadilishana: mwaka huu upande huu, mwaka ujao upande ule. Sare baada ya dakika tisini iende moja kwa moja kwenye penalti. Kama mmechagua michezo miwili, hesabuni jumla ya mabao, na mkilingana pigeni penalti mwisho wa mchezo wa pili. Bao la ugenini sheria za mchezo zinaliruhusu, ila shirikisho la mpira la Ulaya, UEFA, lenyewe liliachana nalo mwaka 2021, na mashabiki wa kawaida hulipigia hesabu kwa hasira.

Kuna hoja moja ya kweli inayotetea michezo miwili, nayo ni mwinuko. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Karonga, iliyo ufukweni mwa Ziwa Nyasa, iko karibu mita 500. Kijana wa ziwani akipanda Mbeya siku ya mchezo, dakika ya sitini utamwona ameshika magoti, na mipira mirefu inampita kwa sababu hewa nyepesi huipeleka mbali kuliko alivyozoea. Wa Mbeya naye akishuka Karonga huchemka kwa joto. Kama mnacheza mara moja tu, uwanja wa Kyela ni wa haki zaidi kuliko wa Mbeya mjini, maana Kyela na Karonga ziko kwenye nyanda zilezile za ziwa.

Idadi ya wachezaji wa akiba katika mchezo wa kirafiki ni suala la makubaliano ya timu, na mwamuzi lazima ajulishwe kabla ya kuanza. Andikeni watano na muishie hapo. Kumbukeni pia kwamba mchezo hauanzi wala hauendelei ikiwa timu ina wachezaji chini ya saba.

Kuvuka mpaka

Kila mtu aliye kwenye msafara awe na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria kutoka Uhamiaji. Mtasikia hoja kwamba wanavijiji huvuka kila siku kwenda sokoni na hakuna anayewauliza. Msafara wa timu ni jambo jingine. Msiruhusu mchezaji hata mmoja avuke kwa mtumbwi au njia za panya ili kuokoa gharama ya hati, kwa sababu akiumia upande wa pili, au akikamatwa, klabu itakuwa imeingiza nchi mbili katika kesi ya mtu mmoja. Mchezaji aliye chini ya miaka kumi na minane awe na barua ya mzazi au mlezi iliyogongwa muhuri na serikali ya mtaa au kijiji.

Andaeni orodha ya msafara nakala sita, majina yakifuata mpangilio wa kwenye hati, na moja wapelekewe Uhamiaji wa upande wa pili siku chache kabla. Kombe, jezi, mipira na vipaza sauti viorodheshwe na kuonyeshwa forodhani wakati wa kutoka, ili wakati wa kurudi msiulizwe mlivinunua wapi. Ulizeni kituo cha afya cha mpakani kuhusu kadi za chanjo zinazotakiwa wakati huo.

Kuhusu basi, njia rahisi ni kushuka mpakani, kuvuka kwa miguu na kupanda basi jingine lililokodiwa na wenyeji. Mkiamua kuvuka na basi lenu, mmiliki awe na vibali na bima inayotambulika ng'ambo, ile ambayo madereva huiita Kadi ya Njano ya COMESA. Tunduma na Nakonde pana kituo cha pamoja cha huduma za mpakani tangu 2019, na ukaguzi huwa mwepesi kuliko zamani, ingawa foleni ya malori inaweza kulizuia basi hata pale ambapo makaratasi yako sawa. Vukeni siku moja kabla ya mchezo.

Uwanja na waamuzi

Pimeni uwanja kwa utepe, si kwa hatua. Sheria za mchezo zinataka uwanja wa michezo ya kimataifa uwe na urefu wa mita 100 hadi 110 na upana wa mita 64 hadi 75. Viwanja vyetu vingi ni vifupi, na kwa mchezo wa kirafiki mnaweza kukubaliana na kilichopo alimradi wageni waambiwe vipimo mapema. Goli lenyewe halina mjadala: mita 7.32 kutoka mlingoti hadi mlingoti, na mita 2.44 kutoka chini hadi mwamba wa juu. Pimeni kimo hicho katikati ya goli na kwenye kila pembe. Nimewahi kukuta goli ambalo ardhi yake ilijazwa udongo mwingi wakati wa kusawazisha, kimo kikawa mita 2.31, na timu mwenyeji ilikuwa imecheza hivyo msimu mzima bila kujua.

Mistari isizidi upana wa sentimita 12. Tumieni rangi nyeupe ya maji. Chokaa, hata iliyozimwa, huweza kuunguza ngozi na macho, na kwetu sisi tunaocheza kwenye vumbi, mchezaji anayeanguka juu ya mstari huondoka nayo usoni.

Kuhusu waamuzi, njia iliyotufaa ni mwamuzi wa kati kutoka mkoa usiohusika na timu mwenyeji, kwa mfano Njombe au Iringa, na mwamuzi msaidizi mmoja kutoka kila nchi, wote wakiwa wameidhinishwa na vyama vyao. Fanyeni kikao cha maandalizi asubuhi ya mchezo, kamisaa, yaani msimamizi rasmi wa mchezo, akiwepo, na kisomwe upya kila kifungu cha makubaliano. Kikao hicho kifanyike kwa lugha ambayo manahodha wote wanaielewa. Kwa Karonga, ukianza na salamu ya “mugonile” na kumalizia na “ndaga”, yaani asante, utashangaa jinsi watu wanavyolainika kabla hujagusa suala la kadi.

Fedha

Mwenyeji agharamie malazi, chakula na usafiri wa ndani. Mgeni agharamie safari yake hadi mpakani. Mapato ya kiingilio yalipie kwanza waamuzi, ulinzi, huduma ya kwanza na usafi, na kinachobaki kigawanywe nusu kwa nusu, au chote kiwe cha mwenyeji kama uwanja utabadilishana mwakani. Chapeni tiketi zenye namba. Hesabu ifanyike siku hiyohiyo mbele ya wahazini wote wawili, na fedha ya kubadilisha kuwa kwacha ipitie duka lenye leseni, si kwa vijana wanaozunguka mpakani na mabunda mkononi.

Siku ya mchezo

Kabla mchezo wa Buenos Aires wa 1967 haujaanza, kipa wa Celtic, Ronnie Simpson, alipigwa kichwani na kitu kilichorushwa kutoka jukwaani, akashindwa kucheza. Uwanja ule ulikuwa na uzio na askari wengi. Sisi tuna kamba na vijana wa ulinzi shirikishi, kwa hiyo tuwe waangalifu zaidi. Wekeni kamba mita tano kutoka kwenye mstari wa pembeni, mashabiki wa wageni wakae upande mmoja wenye njia yao ya kutokea, na soda za chupa ziuzwe kwa kumiminwa kwenye vikombe vya plastiki. Gari la wagonjwa au gari lolote lililotengwa kwa kazi hiyo lisimame likiwa limeelekea barabarani, dereva akiwa ndani, na machela iwe karibu na benchi. Mchezaji aliyegongwa kichwa na kupoteza fahamu, hata kwa sekunde chache, asirudi uwanjani siku hiyo.

Kama mnapiga nyimbo za taifa, muwe mmezijaribu kwenye vipaza sauti. Wimbo wa taifa wa Zambia na wa kwetu una tuni moja. Tulipocheza na timu ya upande wa Nakonde, wa wageni ulipigwa kwanza, na jukwaa zima la Tunduma likaanza kuimba maneno ya Kiswahili. Wageni wakaendelea na maneno yao, lugha mbili juu ya tuni moja, hakuna aliyenyamaza. Mshereheshaji alitaka kuukata ili aanze upya, na namshukuru fundi mitambo aliyemshika mkono.

Wageni wapewe chakula muda usiopungua saa tatu kabla ya mchezo kuanza. Wali wa Kyela, nyama isiyo na mafuta mengi na ndizi vinatosha. Ugali wetu na nsima yao ni chakula kimoja, hivyo hakuna atakayelala njaa. Karamu iwe baada ya mchezo.

Baada ya kipyenga cha mwisho

Kombe libaki na mshindi hadi mchezo ujao, jina lake na mwaka vikichorwa kwenye kitako, na klabu isaini kulirudisha siku thelathini kabla. Ripoti ya mchezo, yenye matokeo, kadi na majeruhi, ipelekwe kwa vyama vya pande zote mbili ndani ya saa 48. Makombe ya namna hii huweza kukua: Kombe la Gossage la Afrika Mashariki lilianza 1926 kati ya Kenya na Uganda tu, kwa timu za taifa. Tanganyika ikaingia 1945 na Zanzibar 1949. Kwa hiyo acheni nafasi kwenye makubaliano ya kupokea upande wa tatu, maana watu wa Ileje wana majirani zao wa Chitipa, Malawi, nao watauliza.

Tarehe ya mwaka ujao ipangwe jioni hiyohiyo, kabla basi la wageni halijaondoka, na iandikwe kwa kalamu chini ya makubaliano ya mwaka huu. Nakala moja ichukuliwe na kila klabu. Ya tatu akabidhiwe katibu wa chama cha wilaya ofisini kwake, si nyumbani kwa mtu, kwa sababu viongozi wa klabu hubadilika kila uchaguzi na huondoka na mafaili yao.